Mlio wa Muundi

Loti alikufa akiwa na asilimia tisini na sita.

Ndivyo ilivyosomeka kwenye skrini, na ndivyo Anande alivyomwambia kwa mdomo wake mwenyewe huku akimpigapiga begani: "Tisini na sita, kaka. Mguu umepona. Nenda kavae gamba lako." Loti akacheka, akaonyesha meno yake ya kahawia, akaenda kuvaa. Kabla jua halijafika utosini wakamrudisha kwenye machela, na mguu uliovunjika haukuwa ule uliotoka kwenye hogo la plasta. Ulikuwa ule mwingine, ule mzima, ambao haukuwahi kuuma hata siku moja.

Hilo ndilo lililomkaba Anande. Mtu akiangushwa na mguu mbovu, unalia, unazika, unamwachia Mungu. Akiangushwa na mguu mzima, unaanza kuitazama miguu yako mwenyewe.

Kituo kilikaa ubavuni mwa mlima, mahali ilipokuwa ikijengwa Reli ya Anga: njia ya chuma iliyopanda kutoka tambarare mpaka juu ya mawingu, ili siku moja mizigo irushwe kutoka kileleni hadi angani bila moto wala moshi. Miinuko ile ilizishinda mashine kubwa zote. Kwa hiyo mataruma ya reli yalipandishwa na watu, watu waliovaa magamba. Gamba ni vazi la chuma. Linamshika mtu kuanzia nyayo mpaka mabega, linamkopesha nguvu, na mwanamume wa kawaida analibeba taruma la zege kama anavyombeba mtoto. Ila chuma hakibebi peke yake. Katika kila hatua, sehemu ya kishindo inaingia kwenye mfupa ulio ndani. Na mwezi uliopita yalikuwa yameletwa magamba mapya, ya kubeba mzigo mara mbili.

Kazi ya Anande ilikuwa kusikiliza mifupa. Aliyevunjika hakurudi kwenye gamba mpaka mfupa wake usikilizwe. Anamlaza kitandani, anamgonga kwenye kifundo cha mguu kwa nyundo ndogo kama kijiko, na gotini anambandika sikio la mashine. Sauti inakimbia ndani ya mfupa. Mfupa ambao haujaunga unaichelewesha na kuimeza, kama njia ya matope inavyomchelewesha mpita njia. Uliounga unaipitisha mbio. Kisha anaugonga mguu wa pili, ule mzima, na mashine inalinganisha huu na huu. Ikitoka tisini na tano kwenda juu, mtu amepona. Namba inaingia kwenye kitambulisho chake, na siku hizi namba ya mifupa ilikuwa ikiulizwa kila mahali, hadi kwa wakwe.

Magamba nayo yana masikio. Siku ile ile ya msiba Anande alijifungia chumbani mwake na kusikiliza sauti zilizobaki kwenye gamba la Loti. Mwanzoni Loti alikuwa akiimba wimbo wa kwaya, akikosea maneno. Halafu ikaja sauti moja kavu, *kah!*, kama kisahani kilichoangukia sakafu ya saruji. Halafu Loti akamwita mama yake. Na gamba likaendelea kupanda. Gamba halina maumivu. Limeagizwa kupanda, linapanda. Likamkanyagisha mguu uliovunjika hatua kwa hatua mpaka juu kabisa, likatua taruma mahali pake kwa uangalifu, ndipo likasimama.

Mkuu wa kituo, Bwana Lutengano, mtu wa Tukuyu, mpole, aliwakusanya wafanyakazi akatangaza kwamba gamba la Loti lilikuwa na hitilafu. Magamba mengine yamekaguliwa. Jumatatu kazi inaendelea, na zamu ya kupanda ni ya vijana wa Majikahawa.

Anande alikuwa wa Majikahawa. Na katika zamu hiyo alikuwamo Sifaeli, mdogo wake, aliyevunjika muundi wa kushoto akicheza mpira, akaunga. Ijumaa iliyotangulia msiba, dada yake alikuwa amempima na kumpa tisini na saba.

*

Jumapili, baada ya ibada, mama yao alichinja mbuzi. Alisema nyumba haiwezi kukaa na matanga mfululizo, na mtoto aliyepona hogo hashukuriwi kwa chai kavu. Chungu cha makande kilikuwa kimeshachemka tangu asubuhi, maharage yamelainika kwa magadi, na ndugu walikuwa wamejaa uani.

Kijiji hicho kiliitwa Majikahawa kwa sababu ya chemchemi yake. Maji yake yalikuwa na rangi, na waliokulia hapo meno yao yalikuwa na rangi ile ile. Utani ulikuwa wa zamani: sisi tumezaliwa tumeshapata chai. Wataalamu waliwahi kupita, wakasema maji yale na magadi yale yana madini ya floraidi kupita kiasi, wakagawa vichujio vya mkaa wa mifupa. Wazee wakauliza ni mifupa ya mnyama gani. Hakuna aliyejibu vizuri, basi vichujio vikapandwa maua. Meno ya kahawia hayajamuua mtu, wakasema. Na kwa nguvu, nani aliwazidi watu wa Majikahawa?

Ushahidi wa nguvu zao ulikuwa desturi moja ambayo jirani zao wa Kilimani waliionea wivu. Kijana akitoka ugonjwani, au akitaka kuoa, anapewa muundi wa mbuzi, ule mfupa wa mguu chini ya goti, ukiwa mbichi, umeshatolewa nyama. Anaushika kwa mikono miwili mbele ya watu na kuuvunja. Vijana wa Majikahawa waliuvunja wote, hata wale wembamba. Vijana wa Kilimani wakija kuoa huko walivimba mishipa ya shingo mpaka mashemeji wakawaonea huruma na kuwaletea kisu. Utani huo ulikuwa umedumu vizazi.

"Haya, mpokezeni," alisema mjomba wao Yeremia, akimkabidhi Sifaeli mfupa. "Tuone kama hogo limetuachia mwanamume."

Sifaeli akasimama katikati ya ua, akautikisa mguu wake wa kushoto kwa madaha, watu wakacheka. Akaushika mfupa, akakaza.

*Kah!*

Vigelegele vikapanda. Mama akacheza na mwiko mkononi. Anande alikuwa na bakuli la makande mapajani. Sauti ile aliijua. Aliisikia mara nyingi mno chumbani mwake, baada ya wimbo na kabla ya Loti kumwita mama.

Mfupa mbichi haulii hivyo, alijiambia. Alisomea mifupa miaka mitatu. Mfupa mbichi ukivunjika unapasuka kwa shida, kwa nyuzinyuzi, kama tawi bichi la mti. Huu umelia kama kigae.

Aliweka bakuli chini akaenda jikoni. Miguu mitatu ya mbuzi ilikuwa bado kwenye sinia. Akachukua muundi mmoja, akausafisha kwa kisu, akaushika kwa mikono yake ambayo haikuwahi kubeba kitu kizito kuliko ndoo. Akakaza kidogo tu. Ukavunjika.

"Jamani! Anande naye ni dume!" mmoja wa mashangazi akapiga kelele mlangoni, na uani kicheko kikafumuka upya.

Anande hakucheka. Alizitazama ncha mbili za mfupa, zilizokatika sawasawa, nyeupe kama chaki. Mbuzi huyu alikunywa maji ya chemchemi ile. Alilamba magadi yale yale. Alikula maganda na makombo ya nyumba ile ile. Wazo lililofuata hakulitaka, nalo likaja tu. Hatukuwa na nguvu. Hatukuwahi kuwa na nguvu. Ni mbuzi wetu waliokuwa dhaifu.

"Mama," alisema, akiufunga muundi mwingine kwenye kanga, "naenda kituoni mara moja."

"Leo? Na mfupa?" Mama alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa. "Mdogo wako hujampongeza hata!"

*

Njia ya kituoni inapita Kilimani, ambako watu wanakunywa maji ya mto unaotoka msituni. Anande akasimama kwenye bucha la pale, akanunua muundi wa mbuzi wa huko. Muuza nyama akataka kumkatia vipande vya supu. Akamkataza kwa haraka iliyomshangaza muuza nyama.

Chumbani mwake aliwasha mashine. Akaweka mfupa wa Kilimani kwenye kitanda cha wagonjwa, akaugonga kwa nyundo. Mashine ikasema mfupa huo ni mzuri. Akaugonga wa nyumbani. Mashine ikasema huo ni mzuri zaidi. Sauti ilipita mbio kuliko kwenye ule wa kwanza. Hapo Anande alilielewa kosa, na kulielewa hakukumpa nafuu yoyote. Mashine ilikuwa inauliza swali moja tu: sauti inapita kwa kasi gani? Kasi inakwenda na ugumu. Na mfupa wa floraidi ni mgumu, mgumu kweli kweli, kama sahani ya kaure ilivyo ngumu kuliko kata ya kibuyu. Zidondoshe zote mbili uone ipi itabaki.

Halafu ule mguu wa pili, wa kulinganisha. Waliotengeneza mashine walidhani mguu ambao haujavunjika ni mguu mzima. Kwao huko labda ndivyo. Kwa mtu wa Majikahawa ilikuwa sawa na kupima kigae kwa kigae na kusema vinalingana.

Kulikuwa na kitu kingine. Mashine ilifundishwa kukata mwisho wa kila sauti, ule mkia unaobaki ukififia, kwa sababu ulihesabiwa kuwa ni kelele. Anande akaiamuru isikate. Akavaa visikilizio, akaugonga mfupa wa Kilimani tena. *Du.* Sauti ikamezwa mara moja, kama mlango wa mbao unavyobishwa. Akaugonga wa nyumbani. *Ting*, ikalia, ikaendelea kulia, nyembamba, haitaki kuisha. Mfupa wenye uhai ndani yake unaumeza mshtuko. Huu haukumeza kitu.

Akafungua sauti za wagonjwa wake wa zamani, zikiwa na mikia yake. Loti: *ting*. Zakayo, aliyevunjika mkono mwaka jana: *ting*. Mmoja mmoja, vijana wote wa Majikahawa aliowahi kuwapima, na kila mkia ulikuwa mrefu. Sifaeli akamwacha mwisho. Alijikaza kisabuni, akabonyeza. Mdogo wake alilia kuliko wote.

Ikabaki kitu kimoja ambacho alikuwa anakizungukazunguka. Akaketi kitandani, akapandisha sketi mpaka magotini, akabandika sikio la mashine, akachukua nyundo. Mkono ulikataa. Akamwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio. Kisha akagonga.

Alikuwa bado amekaa vile vile, visikilizio masikioni, machozi yakimtiririka, Bwana Lutengano alipoingia. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na aliona taa ya mashine inawaka siku ya mapumziko.

"Dada Anande. Jumapili hii, kuna nini?"

"Shikamoo, mkuu. Sikiliza."

Akampa visikilizio. Akamwelezea, akarudia, akamgongea mifupa ya mbuzi mmoja baada ya mwingine. Lutengano hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukazidi kusawijika. Akavivua visikilizio na kuviweka mezani taratibu.

"Umemwambia nani?"

"Bado."

"Basi tufikiri kabla hatujasema. Mfupa wa mbuzi si ushahidi wa mtu."

"Loti ni ushahidi wa mtu."

Lutengano akaenda dirishani. Kule nje magamba yalikuwa yamesimama kwenye jukwaa juu ya ngazi za zege, matupu, yanangoja watu wa kesho.

"Tuseme ni kweli," alisema. "Ukiiandika kwenye mfumo, inaingia kwenye vitambulisho. Kila aliyezaliwa Majikahawa anapewa alama nyekundu, na alama hiyo haifutiki. Hapati udereva. Hapati uaskari, hapati uuguzi. Nani atamwajiri hata kufagia, ikiwa anaweza kumvunjikia mlangoni? Nani atamwoa binti yenu? Kijiji kizima kinakula kwa hii reli. Utakuwa umewavunja wote bila kuwagusa."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mkuu."

"Najua methali, dada yangu. Naomba muda tu. Nitawaita wataalamu, wapime kwa utulivu, tupate njia."

"Kesho wanavaa."

"Kesho wanavaa," alikubali, kama mtu anayekubali kwamba mvua itanyesha. "Makao makuu wanataka mataruma. Nikisimamisha zamu kwa sababu ya mbuzi, wataleta mkuu mwingine, naye hatasimamisha." Akageuka, na sauti yake ikashuka. "Sifaeli ni mdogo wako. Mashine iko mikononi mwako. Mtu anaweza kupimwa tena, namba ikashuka. Hakuna atakayeuliza."

Akaondoka, akaurudisha mlango polepole nyuma yake.

Anande alibaki na skrini. Tungependa kusema alikataa. Hakukataa. Alifungua jina la Sifaeli, akafuta tisini na saba, akaandika themanini na nane, na kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa nafuu kubwa, tamu, kama ya mtu aliyetoa mwiba. Mdogo wake atalala kesho akiwa mzima. Ilimchukua muda kidogo kuwakumbuka wale wengine, na alipowakumbuka akajichukia. Hata hivyo hakuibadilisha ile namba.

*

Jumatatu asubuhi vijana wa zamu walipanda ngazi za zege wakitaniana. Zilikuwa ngazi ndefu, na juu yake kulikuwa na jukwaa ambapo kila gamba liliwekwa jina. Anande alikuwa amesimama pale pale, begi begani, macho mekundu. Mifupa miwili ilikuwa bado ndani ya begi. Hakujua kwa nini hakuitupa.

Gamba la Sifaeli lilikataa kufunguka. Taa yake ikawaka nyekundu, na namba ikaonekana.

"Themanini na nane?" Sifaeli alicheka kwanza. Kisha akamwona dada yake, na kicheko kikaisha. "Dada, ni nini hii? Ulinipa tisini na saba mwenyewe. Jana nimevunja muundi mbele ya ukoo mzima!"

"Mashine imerekebishwa."

"Imerekebishwa kwangu peke yangu?" Akatazama huku na huku. Magamba ya wenzake yote yalikuwa yanafunguka, taa za kijani, mmoja anaingiza mguu, mwingine anakaza mkanda wa kifua. "Zakayo kapita, na mkono wake ule? Mimi ndiye mbovu?"

"Sifaeli, nenda nyumbani. Nakuomba."

Hakwenda. Alimkaribia, akamtazama vizuri, na Anande akajua amekwisha, kwa sababu walilala kitanda kimoja utoto wao wote na hakuwahi kumficha kitu. "Unaogopa," Sifaeli alisema polepole. "Unaniogopea mimi. Kuna kitu unakijua." Halafu akauliza lile ambalo Anande aliliogopa kuliko yote: "Na hawa wenzangu je? Umewapima na wao, au umenipima mimi tu?"

Anande akageuza macho. Angeweza kuongopa. Nyuma ya kioo cha ofisi alimwona Lutengano amesimama, mikono nyuma, anamtazama.

Akatia mkono kwenye begi, akatoa mifupa.

"Aisee, Anande katuletea supu!" Zakayo alisema akiwa nusu ndani ya gamba lake. Zakayo huyu, licha ya jina la yule mfupi wa Biblia, alikuwa mrefu kuliko wote, na kila mtu alikuwa ameshamwambia hivyo zaidi ya mara moja.

"Nivunjieni," alisema Anande. "Kabla hamjapanda. Nivunjieni huu."

Sifaeli akachukua wa kwanza bila kuuliza, akakaza, *kah*, ukakatika. Wenzake wakampigia makofi. Anande akampa wa pili. Sifaeli akaushika kwa mikono ile ile, akakaza. Akakaza tena. Mishipa ya shingo ikamtoka. Mfupa ukabaki vile vile.

"Hogo limekumaliza, lete hapa," akasema mwingine. Akashindwa. Ukaenda kwa wa tatu, wa nne, vicheko vikipungua kila ulipobadilisha mikono. Kulikuwa na mmoja aliyeukanyaga kwa buti, akateleza tu. Mwisho Zakayo akatoka kwenye gamba, akajifuta viganja, akaupokea. Akajaribu kwa mikono, akaguna. Basi akainua mguu, akauegemeza mfupa juu ya goti lake kama mtu anayevunja kuni, akavuta pumzi.

"Usiweke gotini!" Anande alipiga ukelele uliowashtua hadi ndege waliokuwa kwenye mitambo. "Zakayo, usiweke gotini! Kitakachovunjika si hicho!"

Zakayo akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja juu. Akaitazama mikono yake. Akautazama mfupa. Kisha, polepole, akalitazama goti lake, na akaushusha mguu chini kwa taadhima, kama anayeteremsha yai.

"Ni mbuzi wa wapi huyu?" aliuliza.

"Wa Kilimani."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, maana wote walikulia kwenye utani ule. Anande aliwaeleza hata hivyo, kwa maneno machache, maji, magadi, Loti, mashine inayosikia ugumu na haisikii kitu kingine. Aliwaeleza na kuhusu alama nyekundu. Hakuwaficha kwamba namba ya Sifaeli aliibadilisha yeye, jana, ili amwokoe mmoja. Aliposema hilo mdogo wake aligeuza uso.

"Sijaandika kitu kwenye mfumo," alimalizia. "Nikiandika, tumekwisha sote. Nisipoandika, mnavaa. Nimeshindwa kuamua peke yangu, jamani. Naogopa."

Kipaza sauti kikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Lutengano, nayo haikuwa imara. "Zamu ya Majikahawa, muda umefika. Anayevaa avae. Asiyevaa..." Akasita, na wote wakamsikia akipumua. "Asiyevaa ashuke. Simlazimishi mtu."

"Tutakula nini?" kijana mmoja aliuliza, na lilikuwa swali la haki. Magamba yalikuwa wazi mbele yao, taa za kijani zinawaka, kila gamba na jina la mtu.

Zakayo akautua mfupa chini. "Kwa mwoga huenda kicheko," alisema, "kwa shujaa huenda kilio. Kwa kina Loti nimetoka juzi. Sirudi huko nikiwa nimebebwa." Akalifunga gamba lake tupu. "Andika, Anande. Anza na mimi."

Wakaanza kuzielekea ngazi, mmoja mmoja, na pale juu wote wakasita. Zilikuwa ngazi zile zile walizozipanda mbio muda mfupi uliopita, wengine wakiruka mbili mbili. Sasa kila mmoja alitazama chini, akahesabu urefu wake, akautazama mguu wake kana kwamba ni wa kuazima. Mtu wa mbele akashika bega la mwenzake. Wa nyuma akashika mkanda wa mbele.

Sifaeli alikuwa wa mwisho. Hasira ilikuwa bado usoni mwake, lakini chini ya hasira kulikuwa na mtoto yule aliyekuwa akiogopa radi.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "nishike mkono."

"Nishike na wewe."

Akamtazama, asielewe. Kisha akaelewa, na macho yake yakashuka hadi miguuni kwa dada yake. "Na wewe? Umejipima?"

"Chungu ni kile kile, Sifaeli."

Wakashuka. Unaweka mguu, unangoja, unaweka wa pili. Ngazi nzima ilijaa wanaume wenye vifua vipana wanaoshuka kama vikongwe, na hakuna aliyetania. Anande alisikiliza kila unyayo ulipogusa zege, hakuweza kujizuia, alisikiliza kama anavyosikiliza kazini, akingoja ile sauti kavu. Haikuja. Aliendelea kuingoja.

Chini, nje ya uzio, watoto wa Majikahawa walikuwa wanapita kwenda shule, na mmoja, binti mdogo wa Zakayo, alikuwa amepanda juu ya ukuta kama kawaida yake ili aone magamba yakianza kupanda. Alimwona baba yake anakuja badala yake. Akapunga mkono kwa furaha, akakunja magoti, tayari kumrukia.

"Usiruke!"

Walipiga kelele wote kwa pamoja, zamu nzima, kwa sauti moja iliyogonga mlima na kurudi. Lakini mtoto alikuwa ameshaachia ukuta. Akatua kwa miguu yote miwili kwenye udongo mkavu, akayumba, akasimama. Alikuwa mzima. Aliwatazama wale wanaume wakubwa, wengine wamejishika vichwa, baba yake amepiga magoti ngazini akilia, akauliza wanaogopa nini.